Kundi la kujifunza Kiingereza na Kiswahili, Lubumbashi: tuweke kanuni gani za kuchapisha na kutuma viungo?

Msimamizi wa Kamalondo

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Kamalondo. Mimi na wenzangu wawili tunasimamia kundi la watu wanaojifunza Kiingereza na Kiswahili sanifu. Wengi wetu tunakaa hapa Lubumbashi, wengine wako Likasi na Kolwezi, na tunao Wazambia wa Kitwe na Ndola ambao hutusaidia Kiingereza nasi tukawasaidia Kiswahili. Kwa nini watu wanajiunga, kila mkazi wa mji huu anajua: shuleni tulisoma kwa Kifaransa, lakini kampuni nyingi za madini zinataka mtu anayeelewa Kiingereza, na anayeleta bidhaa kupitia mpaka wa Kasumbalesa hukutana upande wa pili na watu wasiojua hata neno la Kifaransa. Tena, tangu nchi yetu ya Kongo (DRC) iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wamejitokeza wanaotaka Kiswahili cha kuandikia barua na ripoti, juu ya kile walichokipata nyumbani.

Kundi lilianzia WhatsApp. Limekaribia kujaa, kwa kuwa WhatsApp hairuhusu zaidi ya watu 1024 katika kundi moja, na ndiyo sababu tumefungua pia tovuti ndogo ya majadiliano ambako maswali na majibu yatahifadhiwa kwa mada zake. Kabla ya kuwahamishia watu huko tunataka kuwa na kanuni zilizoandikwa.

Kinachotusumbua zaidi ni viungo. Asubuhi mtu anauliza namna ya kutumia wakati fulani wa kitenzi cha Kiingereza, na kabla hajajibiwa swali lake limekwisha kufunikwa na tangazo la kazi lisilotaja kampuni, kiungo cha bahati nasibu, video ya mahubiri, kitabu kizima cha PDF ambacho aliyekituma hajakifungua, na mwaliko wa kujiunga na kundi jingine. Jioni aliyeuliza anajiondoa bila kuaga. Mwenzangu mmoja anataka viungo vyote vipigwe marufuku. Wa pili anasema kundi letu litabaki bila cha kusikiliza wala cha kusoma. Mimi nasita kati yao, na kusita kwangu hakuwezi kuwa kanuni.

Ninauliza mambo matatu yanayoshikana. Kiungo kipi kiruhusiwe, na kwa masharti gani? Mwanachama mpya awekewe mipaka gani? Na walimu wanaouza masomo yao, ambao baadhi yao ndio wanaojibu maswali vizuri kutupita sisi sote, tuwatendee vipi? Kanuni zitaandikwa kwa lugha zote mbili, kwa hiyo naomba tuelekee kwenye maneno machache.

---

Mwalimu wa Katuba

Ndugu Msimamizi, marufuku ya viungo vyote ningeikataa, ingawa nauelewa uchovu unaoileta. Anayejifunza Kiingereza mjini hapa anakosa sauti zaidi ya anavyokosa maelezo ya sarufi. Sarufi atakuandikia hata mtoto wa kidato cha juu aliyeshika daftari lake vizuri. Lakini kumsikia mtu akisoma polepole, ukarudia, ukarudia tena, hiyo inahitaji kurekodiwa, na zilizorekodiwa ziko nje ya kundi lenu. Tovuti ya BBC Learning English ina masomo mafupi yenye sauti na maandishi yake. LibriVox, iliyoanza mwaka 2005, ina vitabu vilivyosomwa kwa sauti na watu wa kujitolea, vyote vya waandishi wa zamani ambao haki zao zimekwisha, na maandishi ya vingi kati yake yanapatikana Project Gutenberg bila malipo, hivi kwamba mtu anaweza kusikiliza huku anafuatisha kwa macho. Mkifunga viungo mmefunga na hayo.

Kwa hiyo nisingeuliza kwanza ni tovuti zipi ziruhusiwe. Ningeuliza aliyetuma amefanya kazi gani kabla ya kutuma. Sharti langu lingekuwa kwamba kila kiungo kifuatane na sentensi tatu zilizoandikwa na mtumaji mwenyewe: kuna nini ndani, kinamfaa nani, na msomaji akifanyie nini. Kwa mfano: «Hii ni sauti ya dakika sita, mtu anaeleza safari yake ya treni. Inamfaa anayeweza kufuata mazungumzo ya kawaida. Sikilizeni dakika mbili za kwanza, kisha kila mmoja aandike hapa sentensi mbili za kile alichokisikia.» Aliyeandika hivyo amekisikiliza. Anayesukuma tu kile alichosukumiwa na mwingine hawezi kuandika sentensi hizo, na mara nyingi hatajaribu. Ataacha mwenyewe bila ninyi kumkemea. Nimeiona kazi ya sharti hili katika kundi la wanafunzi wangu: viungo vilipungua sana, na vilivyobaki vilijibiwa.

Kuhusu kumtaja anayefaa, Baraza la Ulaya lilitoa mwaka 2001 ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2, na vitabu vingi vya lugha vinazitumia. Walimu wanazijua. Muuza kuku wa soko la Katuba hazijui, wala hana haja nazo, basi andikeni «anayeanza», «wa kati» na «aliyeendelea», inatosha.

Naongeza jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu litawasumbua mara tu viungo vitakapotulia, nalo ni kusahihishana. Wekeni wazi kwamba anayetaka kusahihishwa anasema hivyo mwishoni mwa ujumbe wake, na kwamba anayesahihisha ananakili sentensi ya mwenzake, anaiandika upya ilivyopaswa kuwa, na anatoa sababu moja. Kucheka kusiwepo. Hili ni zito hasa upande wa Kiswahili: mtu wa Lubumbashi anayeandika jinsi anavyosema nyumbani kwake hajakosea lugha ya nyumbani kwake, na mwenzetu wa mbali akimcheka siku ya kwanza, hatamwona siku ya pili.

---

Fundi wa Kampemba

Nakubaliana na Mwalimu juu ya sentensi tatu. Nitaongeza yale ambayo mashine inaweza kuwasaidia, kwa sababu kanuni ambayo msimamizi anailinda kwa macho yake usiku na mchana huchoka pamoja naye. Tutenganishe WhatsApp na tovuti, kwani uwezo wake ni tofauti kabisa.

Kwenye WhatsApp mipangilio ya kundi haina mahali pa kuzuia viungo peke yake. Mnaweza kuamua ama kila mtu aandike ama wasimamizi tu, mnaweza kudai kila anayeomba kuingia akubaliwe kwanza na msimamizi, na tangu mwaka 2022 msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama yeyote ukatoweka kwa wote. Hayo ndiyo yaliyopo. Lakini kuna alama moja ambayo wengi hawaitumii: ujumbe uliokwisha kupitishwa kutoka mtu hadi mtu mara tano au zaidi huonyeshwa na mishale miwili, na tangu Aprili 2020 WhatsApp huuruhusu kupelekwa katika mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Andikeni kwamba chochote chenye mishale miwili hakiingii kundini, hata kiwe kizuri vipi. Hapo hakuna mabishano juu ya nia ya mtumaji wala ubora wa kilichotumwa. Mishale ipo au haipo. Aliyeona kina faida atakiandika upya kwa maneno yake.

Na msizitegemee kanuni zilizobandikwa juu ya mazungumzo, maana ujumbe uliobandikwa hukaa siku 30 kwa muda mrefu kabisa, kisha hushuka. Mahali pake ni kwenye maelezo ya kundi, ambayo anayeingia anaweza kuyasoma wakati wowote.

Kwenye tovuti mna nguvu zaidi. Ikiwa mnatumia Discourse, programu ya kuendeshea tovuti za majadiliano, mwanachama wa ngazi ya mwanzo hawezi kuweka zaidi ya viungo viwili katika chapisho moja, na hupandishwa baada ya kufungua mada tano, kusoma machapisho 30 na kukaa dakika 10 akisoma. Tazameni kinachopimwa hapo: kusoma, si kuandika. Makundi mengi yanadai mtu mpya «aandike ujumbe kumi kwanza», na matokeo yake ni «asante» kumi kwa siku moja kutoka kwa mtu ambaye hajasoma chochote. Kama mnatumia phpBB, programu nyingine ya aina hiyo, wanachama wapya wanaweza kuwekwa katika kikundi chao ambacho machapisho yake husubiri kuidhinishwa kabla hayajaonekana. Njia hiyo ni nzuri ilimradi mmoja wenu apitie foleni kila siku. Swali la mtu mpya likikaa siku nne halijaonekana, mmemfukuza kwa adabu.

Jueni pia kwamba wengi wanaojaza viungo kwenye tovuti kama yenu hawana haja na wasomaji wenu hata kidogo. Wanataka injini za utafutaji zihesabu kiungo hicho na kuipandisha tovuti yao. Google ilianzisha mwaka 2005 alama ya «nofollow», inayoiambia injini isikihesabu kiungo, na mwaka 2019 ikaongeza «ugc» kwa viungo vilivyowekwa na wanachama. Hakikisheni tovuti yenu inaziweka yenyewe. Mmoja wa ujanja wao ni kuandika kwanza jibu la kawaida lisilo na kiungo, kulisubirisha wiki kadhaa hadi lisahaulike, kisha kurudi kulihariri na kutia kiungo ndani. Dawa yake ni kufunga uhariri kwa mwanachama mpya baada ya muda mfupi, na kutoruhusu viungo katika saini ya chini ya jina lake.

Sharti moja la mwisho kwa pande zote mbili: anwani iandikwe nzima. Viungo vilivyofupishwa, vya bit.ly na vingine vya aina hiyo, vinaficha mahali vinapokwenda, na katika kundi lenye watu wanaoanza hakuna sababu ya kumficha mtu mahali anapopelekwa. Faili za APK, yaani za kuweka programu kwenye simu, pia zisitumwe kabisa. Anayetaka programu ataitafuta mwenyewe kwenye duka la simu yake.

---

Mama wa Ruashi

Waheshimiwa, nimewasoma, na nawashukuru. Naona mmezungumza juu ya mtumaji na juu ya mashine. Ruhusuni nizungumze juu ya anayepokea, kwa sababu mimi ni mmoja wao: nafanya biashara ndogo, naenda Kasumbalesa, na Kiingereza najifunza usiku watoto wakishalala.

Mega za intaneti ninazinunua mwenyewe, kwa siku au kwa wiki. Aliye na intaneti ya ofisini hajui kiungo cha video kinamgharimu nini mwenzake. Nikibofya nikakuta ni mazungumzo ya saa nzima yasiyo na jambo kwangu, siwezi kurudishiwa kitu. Kwa sababu hiyo naomba sentensi tatu za Mwalimu ziwe nne, ya nne iseme ukubwa: ni maandishi, ni sauti, au ni video, na ni ya dakika ngapi au mega ngapi. Tena, panapowezekana, sauti itangulie video. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp wa dakika moja haufiki mega moja, na Mzambia mmoja akitusomea habari fupi kwa sauti yake mwenyewe ananifundisha zaidi kuliko video ya mtu wa mbali aliyewekewa muziki nyuma.

Matangazo ya kazi: msiyaache hata siku moja bila masharti. Watu wa mji huu wanatafuta kazi za migodini kwa udi na uvumba, na wezi wanajua. Kiungo kinakupeleka kwenye fomu, fomu inaomba namba yako, kisha mtu anakupigia kwa sauti ya upole anaomba «kodi ya uthibitisho» yenye tarakimu sita iliyoingia katika simu yako. Kodi hiyo ndiyo inayofungua WhatsApp yako kwenye simu nyingine. Ukimpa, amekwisha kuichukua akaunti yako, na dakika chache baadaye anawaomba pesa ndugu zako kwa jina lako. Andikeni katika kanuni kwamba hakuna msimamizi wala mwalimu atakayemwomba mtu kodi hiyo, na kwamba tangazo la kazi lisilotaja kampuni, mahali na njia ya kuomba isiyo na malipo linafutwa bila kuulizana.

Kuna jambo la tatu, na ni la kwetu wanawake. Katika kundi la WhatsApp namba za wote zinaonekana. Mwalimu anatuambia tujizoeze kuzungumza, nasi tunatuma sauti zetu. Jioni hiyohiyo mwanaume usiyemjua anakuandikia pembeni eti anataka «mazoezi ya faragha». Wapo walionyamaza kwa sababu hiyo, na wapo waliotoka. Kanuni iseme kwamba hakuna kumwandikia mwanachama pembeni kabla ya kumwomba ruhusa mbele ya wote naye akakubali mbele ya wote, na kwamba namba ya mtu haipelekwi katika kundi jingine. Hili kwangu linatangulia mambo ya bahati nasibu.

---

Mwanafunzi wa Kasapa

Shikamoo Mama, shikamoo Mwalimu. Ninasoma sheria, na naomba niguse vitabu vya PDF, kwa kuwa Msimamizi amevitaja kwa haraka na hakuna aliyevirudia.

Tutofautishe kiungo na nakala. Kumwelekeza mtu kwenye ukurasa ambako mwenye kazi mwenyewe ameiweka kazi yake hadharani hakumnyang'anyi chochote. Kutuma faili la kitabu kizima kinachouzwa madukani ni kusambaza nakala bila idhini. Nchi yetu ina sheria ya haki za waandishi ya tarehe 5 Aprili 1986, na tena ni mwanachama wa Mkataba wa Berne, unaolinda kazi ya mwandishi kwa uhai wake wote na angalau miaka 50 baada ya kufa kwake. Ninajua vitabu ni ghali, na ninajua mashine za fotokopi zilizo karibu na vyuo zinafanya kazi gani, sitajifanya mgeni. Lakini mtu anayenakili kurasa mbili ili asome yuko mbali na kundi la watu elfu moja linalogawa kitabu kizima kwa jina lake na kwa mkono wa wasimamizi wake.

Kanuni ingeweza kusema hivi: kitabu kinatumwa kwa kiungo tu, kamwe si kwa faili, isipokuwa mtumaji ndiye aliyekiandika, au haki zake zimekwisha, au kina leseni inayoruhusu. Leseni za Creative Commons zipo tangu mwaka 2002 na huandikwa wazi kwenye ukurasa. Wikipedia ya Kiswahili, kwa mfano, inaweza kunakiliwa na kubadilishwa kuwa zoezi, ilimradi mtaje mlikoichukua na kuliacha zoezi hilo chini ya leseni ileile. Kuna mengi ya kusoma ndani ya mipaka hiyo.

Juu ya namba za simu, Mama amesema kweli, na sheria iko upande wake pia: Sheria ya Dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 ina sehemu inayohusu ulinzi wa taarifa za watu binafsi. Sishauri mtishe watu kwa vifungu. Nashauri tu orodha ya wanachama isinakiliwe wala kupewa mtu, hata mwalimu anayetafuta wanafunzi.

---

Anayefundisha kwa malipo, Kenya (mtaa wetu, si nchi ya jina hilo)

Hilo neno la mwisho limenigusa, basi nijibu kama mhusika. Mimi ni mmoja wa hao walimu wanaouza masomo. Ninajibu maswali bure katika makundi kadhaa, na sikatai kwamba wanafunzi wangu wengi wananifikia kwa njia hiyo. Sioni aibu: fundi cherehani naye hutundika nguo mlangoni.

Ila kuna tabia ya wenzangu ambayo mimi mwenyewe ningependa ikatazwe, nayo ni jibu la nusu. Mtu anauliza, mwalimu anamjibu sentensi moja ya kumtamanisha, kisha anamalizia: «Maelezo kamili yapo katika kozi yangu», na kiungo. Hapo aliyeuliza hakusaidiwa, na mbaya zaidi, wengine waliotaka kumjibu wananyamaza wakidhani swali limekwisha kushughulikiwa. Tangazo la waziwazi halidhuru hivyo, unaliona, unalipita. Mkitaka kanuni moja kwa ajili yetu, iwe hii: jibu likamilike ndani ya kundi, na anayelisoma asihitaji kubofya chochote ili alielewe. Baada ya hapo mkiniruhusu kuweka jina langu na kazi yangu mahali pamoja panapojulikana, nitaridhika.

Na anayesifu kozi ya mwingine aseme kama ni rafiki yake au kama analipwa kwa kila mtu anayempeleka. Wapo wanaolipwa.

---

Msimamizi wa Kamalondo

Ninawashukuru sana. Nimekaa na wenzangu, na aliyetaka marufuku amekubali kuiweka kando baada ya kusoma sentensi tatu za Mwalimu. Naweka hapa rasimu, mniambie inakatika wapi.

«Kila kiungo kinafuatana na maneno ya mtumaji mwenyewe: kina nini, kinamfaa nani, tukifanyie nini, na ni kikubwa kiasi gani. Anwani inaandikwa nzima. Ujumbe wenye mishale miwili hauingii. Faili za programu na vitabu vinavyouzwa hazitumwi. Swali linajibiwa hapahapa mpaka mwisho. Anayefundisha kwa malipo anajitangaza Jumamosi tu, mara moja, na anasema wazi kwamba anauza. Anayemsifu mwingine anataja uhusiano wao. Tangazo la kazi linataja kampuni, mahali na njia ya kuomba isiyo na malipo. Hakuna kumwandikia mtu pembeni bila ruhusa yake iliyotolewa mbele ya wote. Hakuna atakayekuomba kodi ya simu yako. Anayetaka kusahihishwa anasema. Anayesahihisha anatoa sababu.»

Kwenye tovuti mtu mpya atakuwa na viungo viwili kwa chapisho, na machapisho yake ya mwanzo yatapita mikononi mwetu. Tumepangiana siku za kuyapitia.

---

Mwalimu wa Katuba

Rasimu ni nzuri na inasomeka kwa dakika moja, jambo ambalo kanuni nyingi zinashindwa. Ninapinga sehemu moja: Jumamosi. Mkiwa na walimu wanane, Jumamosi itakuwa siku ya soko, na Jumamosi ndiyo siku ambayo watu wa kazi wana nafasi ya kujifunza. Nadhani pendekezo la mwenzetu wa mtaa wa Kenya lilikuwa bora kuliko mlivyolipokea. Yeye hakuomba siku, aliomba mahali. Fungueni kwenye tovuti mada moja ya walimu, kila mmoja aandike humo mara moja anachofundisha, bei yake na anakopatikana, aibadilishe anapotaka. Kwenye WhatsApp pasiwe na tangazo hata moja. Anayehitaji mwalimu atakwenda pale. Asiyehitaji hataamshwa na simu yake.

---

Anayefundisha kwa malipo, Kenya

Naafiki. Na bei ziandikwe kweli. Tukifichana bei tutarudi kuwafuata watu pembeni, na Mama wa Ruashi atakuwa na haki ya kutulaumu.

---

Mama wa Ruashi

Asanteni, nami naafiki, hasa kuhusu simu isiyoamshwa. Nina swali moja: anayevunja kanuni anafanywa nini? Rasimu imenyamaza. Na msimamizi akivunja, nani atamfuta? Mwanangu wa Kasapa, wewe unayesoma sheria, hili umeliruka.

---

Mwanafunzi wa Kasapa

Nimelipokea, Mama. Ningetenganisha aina mbili. Anayekosa maneno ya maelezo, au aliyetuma chenye mishale miwili, ujumbe wake ufutwe na aelezwe kwa sentensi moja kwa nini, naye akitaka autume upya vizuri. Hilo si kosa la kuadhibiwa. Anayeomba kodi za simu, anayesumbua wanawake pembeni, au anayenakili namba za watu aondolewe siku hiyohiyo bila onyo. Kuwapa hawa maonyo matatu ni kuwapa nafasi tatu. Kwa wasimamizi, kila mmoja awe na haki ya kufuta ujumbe wa mwenzake, na sababu ya kila ufutaji iandikwe kwenye tovuti mahali ambapo wanachama wote wanaweza kusoma, bila kutaja namba ya mtu.

---

Fundi wa Kampemba

Kitaalamu inawezekana: fungueni mada ambayo wasimamizi tu wanaweza kuiandikia na wote wanaweza kuisoma. Mstari mmoja kwa kila ufutaji unatosha. Msiandike ripoti, mtaacha baada ya wiki.

---

Msimamizi wa Kamalondo

Yote mawili yameingia katika rasimu, na Jumamosi imetoka. Mada ya walimu nimekwisha kuifungua, na mada ya ufutaji Fundi atanielekeza namna ya kuipangia ruhusa. Aliyeondolewa kwa kosa zito akitaka kusikilizwa ataandika kwa msimamizi ambaye hakumwondoa, na jibu litatolewa na wawili wetu. Mzambia wetu mmoja wa Ndola anaandika kanuni upande wa Kiingereza. Akimaliza nitaziweka hapa ili Mwalimu azipitie kabla hazijaenda kwenye maelezo ya kundi.